Juu ni Wapi? Miaka Thelathini na Sita ya Profe Deyanira Carabalí

Baada ya miaka thelathini na sita na karibu miezi mitano ya kufundisha, Profesa Deyanira Carabalí Mina anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024. Miaka hiyo imehesabiwa na watu wawili wa Idara ya Hisabati, mmoja akianzia Februari 1988 na kwenda mbele, mwingine akianzia leo na kurudi nyuma. Wamepata jibu moja. Safari hii walikubaliana kwanza juu ni wapi, na msomaji asiyejua kwa nini hilo ni la lazima katika Taasisi ya Llanogrande atajua kabla hajamaliza ukurasa huu.

Alifika hapa Palmira akiwa na shahada moja, gauni la kijani na sanduku la chaki za kwake, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba chaki za taasisi zinakatika. Zilikuwa zinakatika kweli. Akapewa somo ambalo hakuna aliyelitaka, lile la kuhesabu mipangilio: kuna njia ngapi za kuketisha watu, za kupanga vitabu, za kujaza namba kwenye visanduku. Wakubwa wa wakati ule waliliona kama mchezo wa kupitishia mvua. Yeye aliliona kama shule ya ukweli, kwa sababu anayehesabu ama amepata ama amekosa, na maneno mazuri hayamsaidii.

Kuna maneno aliyoyapiga marufuku darasani tangu mwaka wa kwanza: "ni wazi kwamba". Mwanafunzi aliyeyaandika aliitwa ubaoni kuyaweka wazi, na akishindwa alilinunulia darasa zima pandebono, vile vimkate vya jibini, kwenye kibanda cha getini. Mwaka 1993 mhadhiri mgeni kutoka mji mkuu aliyatamka mara nne katika mhadhara mmoja. Profe Deya alimsubiri amalize, akampa mkono, akamwambia kwa upole mkubwa, "Daktari, darasa langu lina watu thelathini na wanne, na kibanda kinafungwa saa kumi." Mgeni alinunua. Inasemekana tangu siku ile mihadhara yake imekuwa mirefu kidogo na mizuri zaidi.

Wengi wetu tulijifunza kuhesabu kwake kupitia swali moja, ambalo amelifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Chukua jedwali lenye mistari miwili. Jaza namba kuanzia moja, kila namba mara moja tu. Katika kila mstari namba zikue kuelekea kulia, na katika kila safu namba ya mstari unaoanza na moja iwe ndogo kuliko mwenzake. Huo ndio utaratibu. Kisha weka usawa: kila mstari uwe na namba witiri nyingi sawa na namba shufwa. Je, kuna majedwali mangapi?

Kwa namba nne utaratibu unaruhusu majedwali mawili. Moja lina 1 na 2 katika mstari mmoja, 3 na 4 katika mwingine. Hilo lina usawa. La pili lina 1 na 3 pamoja, 2 na 4 pamoja. Hilo limewatenga witiri na shufwa kama wageni waliogombana harusini, kwa hiyo linatupwa. Limebaki moja. Kwa namba nane utaratibu unaruhusu kumi na manne, na usawa unabakiza sita. Kanuni ya jumla ipo, lakini Profe Deya hakumpa mtu kanuni kabla hajachora yale sita kwa mkono wake. "Kanuni ni kama shemeji," alikuwa akisema. "Mkaribishe nyumbani, lakini kwanza ujue ametoka wapi."

Sasa tufike mwaka 1999. Nimeshauriwa kwa heshima niuruke, kwa sababu hafla ni ya furaha na mambo ya zamani yanaweza kuwakwaza wageni. Nimekataa. Wasifu wa Deyanira Carabalí usio na mwaka 1999 ni jedwali lililokosa namba moja; hata ukilipamba maua halijajaa.

Mwaka ule, kama miaka yote, Taasisi ilitunga mtihani wa vijana wa shule za serikali za bonde hili. Mshindi mmoja alipata nafasi ya kusoma hapa akitunzwa kwa kila kitu. Swali la sita, lenye alama nyingi kuliko yote, lilikuwa lile lile la Profe Deya, kwa namba kumi na mbili: mistari miwili, safu sita, kila mstari witiri tatu na shufwa tatu. Lilielezwa kwa maneno, bila mchoro. Kuandaa jibu walipewa wawili, yeye na Profesa Aurelio Zamorano, ambaye alikuwa amerudi kutoka masomoni Lyon miaka michache kabla. Kwa kuwa Profe Deya hakuamini kanuni isiyohakikiwa kwa mkono, waligawana kazi ya mkono kwenye korido, wakiwa wamesimama, vikombe vya kahawa mkononi.

"Namba saba ikae wapi kwako?" aliuliza Aurelio.

"Mimi nachukua saba ikiwa mstari wa juu. Wewe chukua ikiwa chini."

"Haya. Tuonane Alhamisi."

Alhamisi Aurelio alileta majedwali ishirini. Profe Deya naye alikuwa na ishirini. Walifurahi mno. Swali la usawa limejigawa kwa usawa! Walijumlisha, wakaandika arobaini, wakaweka saini mbili, wakaenda kula. Ningependa kila mtu wa fani yetu aikumbuke furaha ile, kwa maana ndiyo iliyowapofusha. Tunapenda ulinganifu kiasi kwamba tukiuona tunaacha kuuliza umetoka wapi.

Mtihani ukafanyika, ukasahihishwa, mshindi akatangazwa redioni. Lakini Profe Deya alikuwa na desturi iliyowachosha watu wa ofisi ya mitihani: aliomba karatasi zenye mikasi, yaani majibu yaliyokatwa, akazisoma upya. Alisema aliyepata ameshasomwa, aliyekosa ndiye bado. Katika mafungu hayo alikuta karatasi ya Yurleny Riascos, binti wa miaka kumi na saba kutoka Puerto Tejada, aliyeshika nafasi ya tatu. Kwenye swali la sita hakuwa na kanuni yoyote. Alikuwa amechora majedwali madogo madogo kurasa tatu nzima, kila moja na namba yake pembeni, na mwisho ameandika: "Hamsini. Nimerudia kuhesabu." Juu yake kulikuwa na mkasi mwekundu.

Jumamosi asubuhi mashamba yalikuwa yakichomwa na majivu ya miwa yalikuwa yakiingia madirishani kama kawaida ya msimu. Profe Deya alifunga madirisha, akakata makasha ya unga wa mahindi kuwa kadi, akanakili majedwali yote ya binti yule, jedwali moja kwa kila kadi, na kuyatandaza kwenye meza ya chakula. Alikuwa akitafuta kumi yaliyorudiwa au yaliyovunja sharti. Alitafuta mpaka saa saba mchana. Hakupata hata moja. Ndipo alipoyagawa mafungu mawili kwa kuangalia saba ilipokaa. Fungu la saba iliyo pamoja na moja lilikuwa ishirini. Fungu la pili lilikuwa thelathini.

Akampigia simu Aurelio. "Njoo na majedwali yako. Njoo sasa hivi, na usile kwanza."

Aurelio alikuja. Wakaweka ishirini yake kando ya ishirini ya mwenyeji wake, na hapo kila kitu kikaonekana. Deyanira alichora kama tunavyosoma ukurasa: moja juu kushoto, namba zikishuka. Aurelio, kwa mafunzo ya Lyon, alichora kama tunavyojenga nyumba: moja chini kushoto, namba zikipanda. Mstari wa chini wa Aurelio ulikuwa mstari wa juu wa Deyanira. Wote wawili walihesabu nusu ile ile, na nusu ya pili haikuguswa na mtu.

Aliyesimulia mazungumzo yao ni mke wa Aurelio, ambaye alikuwa amemfuata akidhani kuna msiba.

"Mimi nimechora hivi miaka mitatu, mbele ya maprofesa wakubwa!" Aurelio alifoka.

"Na mimi nimechora hivi miaka kumi na moja, mbele ya wanafunzi wakubwa."

"Sasa nani kakosea?"

"Hakuna aliyekosea kuhesabu, Aurelio. Tumekosea kutoulizana juu ni wapi. Mtoto wa watu ndiye aliyehesabu yote."

Kosa la namna hii hawezi kulifanya muuza samaki wala dereva wa trekta. Linahitaji watu wawili waliosoma sana.

Siku ya Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa Taasisi wa wakati huo, Don Leonidas Holguín, ambaye alikuwa mtu mpole na mwoga. Don Leonidas alitazama kadi, akaelewa, akavuta kiti karibu. Alikuwa na pendekezo. Binti apewe nafasi ya pili ya masomo, kimya kimya, kwa barua ya huruma kutokana na hali ya nyumbani kwao. Mtihani ubaki ulivyo. Aidha, alikumbusha kwamba faili la Deyanira la kupanda cheo kuwa profesa kamili lilikuwa kwenye ajenda ya baraza la Ijumaa hiyo hiyo, na ingekuwa vibaya vitu viwili vigongane mlangoni.

"Profe, ni swali moja tu," alimwambia.

"Na huyu ni mtoto mmoja tu, Don Leonidas."

"Nafasi anapata! Unataka nini zaidi?"

"Huruma anapewa aliyekosa. Yeye kasema hamsini. Ni hamsini."

Hapa wapo wanaosema, hata leo, kwamba alikuwa tayari kucheza kamari na maisha ya mtoto asiye wake. Baraza lingeweza kukasirika na kufuta hata ile nafasi ya huruma. Hoja hiyo ina uzito, na sitaipuuza kwa sababu tu leo ni siku ya keki. Yeye mwenyewe hakuipuuza. Jumatano alikwenda Puerto Tejada, akakaa jikoni kwa Doña Eufemia, mama yake Yurleny, akaeleza yote bila kupunguza: mkichukua hii ya kimya, ni ya uhakika, tukidai ile nyingine, tunaweza kupata yote au kukosa yote. Alisema uamuzi ni wao, na kwamba yeye atafuata watakachosema hata kama hakitampendeza.

Doña Eufemia alikuwa akimenya ndizi za mchuzi wa sancocho na hakuinua kichwa. "Mwalimu, chukua hiyo ya uhakika. Maneno ya barua hayapikiki."

"Mama, wataniambia nimeingia kwa kuonewa huruma," alisema Yurleny.

"Waseme. Wewe utakuwa ndani, wao watakuwa wanasema."

"Nitakaa darasani namna gani, kila nikinyoosha mkono wanacheka? Nilihesabu mara mbili, mama. Mara mbili!"

Mama aliweka kisu chini. Alimtazama mgeni, akauliza swali ambalo hakuna mjumbe wa baraza aliyelifikiria baadaye: "Na wewe utapoteza nini?"

Profe Deya alimweleza habari ya cheo.

"Basi sote tunaweka kitu mezani," alisema Doña Eufemia. "Nenda kawaambie ni hamsini. Lakini kula kwanza."

Ijumaa, kabla ajenda haijasomwa, Deyanira Carabalí alifungua mkoba na kupanga kadi hamsini kwenye meza ya baraza, mbele ya wajumbe saba, juu ya makabrasha yao. Hakutoa hotuba. Aliwaomba watafute mbili zinazofanana, au moja iliyovunja sharti, na akaketi. Walitafuta kwa dakika arobaini. Mjumbe mmoja alipiga kelele "Hizi hapa!", akageuza kadi moja, akaona alikuwa ameishika juu chini, akairudisha mezani. Aurelio Zamorano, ambaye hakuwa mjumbe na hakualikwa, alisimama mlangoni na kutamka kwa sauti ya kusikika hadi uani kwamba nusu ya aibu ile ni yake na anaomba iandikwe kwenye kumbukumbu.

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Barua iliyotoka ina sentensi mbili za maana, na kwa maoni yangu ndizo bora zilizowahi kuandikwa kwenye karatasi yenye nembo yetu: "Jibu lako, 50, ni sahihi. Jibu letu, 40, halikuwa sahihi." Kwa alama za swali hilo Yurleny aliingia kama mshindi, pamoja na yule wa kwanza, ambaye hakunyang'anywa kitu.

Faili la kupanda cheo liliahirishwa hadi kikao kijacho. Kikao kijacho kilikuja baada ya miaka kumi na moja. Sitatafuta neno laini. Tumejenga vyuo vinavyopima mwalimu kwa urefu wa orodha ya makala zake, wengine wakigawa wazo moja mara tano ili orodha inenepe, na fomu yetu ya kupandishwa cheo ina visanduku kumi na saba bila hata kimoja kinachouliza: je, umewahi kusema hadharani kwamba ulikosea? Kingekuwapo, mwanamke huyu angekuwa profesa kamili tangu mwaka ule, na baadhi yetu tungerudishwa darasani kukaa kwenye madawati. Yeye hakulalamika. Akiulizwa alijibu kwamba mstari wa juu na wa chini hutegemea unachorea wapi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi na vicheko. Mwaka 2001 aliamua kuhesabu kwa mkono hali ya namba kumi na sita, ambapo utaratibu peke yake unaruhusu majedwali 1,430. Darasa lilikuwa na wanafunzi ishirini na wawili. Kila mmoja alipewa sitini na matano. Kabla mtu hajagusa penseli, kila kadi ilichorwa mshale pembeni kuonyesha juu ni wapi. Walibakiza 490 yenye usawa, sawasawa na kanuni. Mwaka 2006 kijana mmoja wa kompyuta alikuja na programu yake, akaiwasha kwa majivuno, ikatoa 1,430. Profe Deya alimpigapiga begani: "Mwanangu, mashine yako imesahau usawa. Usijali, na baraza pia husahau." Programu ikarekebishwa. Ikatoa 490.

Leo katika Idara yetu hakuna kikao kinachoanza bila mtu kuuliza "Juu ni wapi?", hata kama ajenda ni rangi ya kuta. Wageni hudhani ni sala. Wazee hucheka. Lakini mara mbili, kwa ninavyojua, swali hilo limetuokoa na kosa lingine la watu wawili waliosoma sana.

Yurleny Riascos alihitimu mwaka 2004, akakataa nafasi ya kubaki hapa, akarudi kufundisha sekondari Puerto Tejada. Barua ya sentensi mbili imetundikwa darasani mwake juu ya ubao. Anawaambia wanafunzi wake kwamba wakubwa wakikosea huwa wanaandika hivi. Bado hawajajua kwamba ni nadra, na yeye hana haraka ya kuwaambia. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Taasisi imemwomba aje kuhakiki majibu ya mtihani wa bonde. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mhakiki mwenzake awe Profe Deya, kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Waliketi wiki iliyopita katika chumba namba 12, kila mmoja na fungu lake la kadi, migongo ikiwa imegeukiana ili wasionane. Mmoja alipata mia moja kumi na mbili, mwingine tisini na nane. Wakajumlisha, wakaangalia kanuni ya swali la mwaka huu, ikakubali. Kisha, kwa kuwa ni wao, wakabadilishana mafungu na kuhesabu tena.

Kadi hamsini za makasha ya unga wa mahindi sasa ni mali ya Idara. Profe Deya alizikabidhi Jumatatu ndani ya bati la biskuti, akakataa ziwekewe kioo. Anataka ziguswe, zichafuke, na zihesabiwe kila mwaka na wanafunzi wapya mpaka wamwamini binti wa miaka kumi na saba kuliko saini mbili za wakubwa.

Profe Deya, asante kwa chaki zako, kwa pandebono tulizokula kwa makosa ya wenzetu, na kwa zile dakika arobaini ambazo ulikaa kimya mezani huku cheo chako kikienda. Pumzika, ulale mchana bila karatasi yoyote kifuani, na Aurelio akija na matunda yake ya chontaduro usimwache ayagawe peke yake. Tunakuombea maisha mema, kuanzia juu hadi chini na kuanzia chini hadi juu. Na popote utakapokuwa umeketi, sisi tutachora mshale hapo.